Arobaini na tatu kwenye waya: Fundi wa Kibiti na hita aliyoiua mwenyewe

Saa moja na robo asubuhi ya Ijumaa, Kondo Mwinjuma anachemsha chuma.

Amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa uani kwake, Kibiti mjini, na ndani ya sufuria hamna uji wala mihogo. Mna kidude cha shaba chenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, kimefungwa uzi, kinaning'inia majini. Mkono mmoja ameshika uzi, mwingine anapepea mkaa. Maji yanaanza kutoa vipovu vidogo.

"Bado," anasema. "Kikifungua sasa hivi ni kibovu. Kisipofungua kabisa ni kibovu zaidi."

Nyuma yake amesimama binti yake, Warda, mshonaji, mkasi ungali mkononi. Haangalii sufuria. Anamwangalia baba yake.

Vipovu vinazidi. Katikati ya kile kidude, kijifuniko kinajisukuma chenyewe kwenda chini, taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Kondo anakitoa, anakipuliza, kinajifunga. Anakirudisha, kinafungua tena.

"Kizima," anasema. "Miaka kumi na moja kwenye moshi wa jiko, na kizima."

Fundi yeyote angefurahi. Kondo hafurahi. Kidude hicho ni thamostati, kijilango kinachozuia maji ya injini yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajapata moto. Kimefungiwa kipande cha bati kilichochorwa namba kwa msumari: T 417 AKD. Siku tatu kabla ya asubuhi hiyo, Kondo alisimama mbele ya watu wanaokunywa kahawa akasema kuwa thamostati ya gari lenye namba hiyo imeibiwa. Akamtaja na mwizi.

*

Kondo ana miaka hamsini na nane. Alisoma mpaka darasa la nne, akaacha kwa sababu mto ulifurika, shamba likaenda na ada ikaenda nalo. Banda lake la ufundi liko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga: nguzo nne za mikoko, makuti, na shimo la kuingilia chini ya gari alilolichimba mwenyewe. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya anaondoka na mafuta kwenye kucha.

"Mimi si fundi wa karatasi," anasema. "Mimi nikishika gari nalisikia. Lakini siku hizi wakubwa hawataki mtu anayesikia. Wanataka mtu mwenye mhuri."

Kwa miaka zaidi ya thelathini, kazi moja ilimjia kwake kama salamu. Mtu ananunua gari lililokwishatumika, linafika Kibiti, linapata joto kidogo, mwenyewe anaogopa. Dawa ya mafundi wa pwani inajulikana. Thamostati inatolewa na kutupwa, maji yapite moja kwa moja. Hita nayo inafungwa, mipira yake miwili inaunganishwa kwa kipande cha bomba, kwa sababu mpira wa hita ukipasuka unamwaga maji ya injini nzima, na katika nchi hii ya jasho hakuna aliyewahi kuiwasha.

"Nani Kibiti anataka joto?" anauliza Kondo. "Joto tunalo mpaka la kugawa. Wakubwa peke yao ndio wanaowasha baridi garini halafu wanavaa koti."

Tofauti yake na wenzake ilikuwa moja. Hakuzitupa. Marehemu mkewe, Mwantum, aliyesoma hadi darasa la saba na mwenye mwandiko wa kupendeza, alimkataza.

"Aliniambia, 'Kondo, cha mtu ni cha mtu. Leo hakitaki, kesho atakirudia.' Nikamwambia hakuna atakayerudi, hiki ni kichafu tu. Akachukua kopo, akakata vibati, akachora namba za magari kwa msumari, akazitunga zote kwenye waya, akautundika juu ya mlango wa jiko."

Waya ule upo mpaka leo. Hadi wiki hii ulikuwa na thamostati arobaini na tatu. Tangu Mwantum afariki mwaka 2017, Kondo hakuongeza hata moja. Zilizofuata alizitupa kama wengine. Wala hakuinua kichwa kuutazama ule waya.

*

Habari ya wiki hii ilianza na mtoto mchanga.

Fiza, binti wa mfanyabiashara Haiderali mwenye duka la saruji na mabati hapa Kibiti, ameolewa Njombe, na mwezi wa sita alijifungua. Mama yake, Bi Zera, alitakiwa kufika kabla ya arobaini ya mtoto, yaani wasafiri Jumamosi isivuke. Ila Bi Zera ana pumu, na mwaka jana safari kama hiyo ilitaka kuwamaliza. Walipopita Mafinga alfajiri ya Julai, kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani. Haiderali akawasha hita ifute kioo, hita ikapuliza baridi. Ikambidi ashushe vioo vya milango apate kuona barabara. Bi Zera akafika Njombe hawezi kumaliza sentensi, akalazwa siku nne.

"Nilikuwa nafuta kioo kwa kilemba changu mwenyewe," anasimulia Haiderali, miaka sitini na sita, akiegemea magunia ya saruji. "Huku mke wangu anakohoa, huku lori linakuja na mataa yake. Nikaapa, bila hita sirudi kule."

Gari lake ni Hailaksi ya dizeli ya mwaka 1996, ya buluu. Alilinunua mwaka 2016 kwa bwana shamba mmoja wa Umwe, likiwa jeupe, akalipiga rangi. Tangu hapo, gari hilo na malori yake mawili madogo yametengenezwa na Kondo. Ndiye mteja mkubwa aliyebaki.

Lakini safari hii Haiderali alianza kwa Tamimu.

*

Tamimu Badru ana miaka thelathini na tisa na gereji kando ya barabara kuu ya Kilwa. Ina sakafu ya saruji, bango lenye taa, na mashine ya kusoma magari inayofanana na simu kubwa. Ovaroli lake limedariziwa jina kifuani. Vijana wa stendi wanamwita Injinia. Magari ya serikali yanalala kwake kwa foleni.

Ukimuuliza Kondo anaona kijicho gani kwa Tamimu, atakwambia hana. Halafu ataongea nusu saa bila kupumua.

"Sakafu, sina neno. Bango, sina neno, hata duka la jeneza lina bango. Mashine yake haijui kulishika gari, inasoma tu. Gari la tisini na sita unalichomeka wapi hiyo mashine, puani? Yeye anafunga spana kwa mkono wa kulia kama anashika kalamu."

Anafuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono.

"Ile hotpoti," anasema.

Kila siku saa saba mchana, mke wa Tamimu, Muzdalifa, hupita mbele ya banda la Kondo na hotpoti ya zambarau akimpelekea mumewe chakula. Ni njia yake ya mkato, hapiti kumchoma mtu. Husalimia, "Shikamoo baba," na harufu ya nazi hubaki njiani baada yake. Kondo wakati huo anakuwa anakula muhogo wa kuchoma wa shilingi mia tano, amesimama.

"Wali wa nazi, siku nyingine na kambamti wa Nyamisati," anasema. "Mimi najua kwa harufu. Hata aina ya mchele naijua."

Chini ya hotpoti kuna jambo la zamani zaidi, na hapo Kondo hataki mzaha. Mwaka 2017, Mwantum alikuwa Mbuchi, kwenye dungu, akilinda mpunga wa dada yake usiliwe na ndege, alipopatwa na kiharusi. Walimleta kwa boti mpaka Nyamisati wakaomba gari la wagonjwa. Gari halikuja. Lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi minne kwenye uwanja wa ofisi moja, pampu ya maji imekufa. Kondo alikwisha kwenda pale mara mbili kabla ya hapo, mkewe akiwa mzima, kusema kazi ile ni ya asubuhi moja.

"Wakaniuliza, una cheti? Una namba ya mlipa kodi? Una mashine ya risiti? Nikasema nina spana. Wakacheka." Mwantum alifia kwenye bodaboda kabla ya kufika Bungu. "Miezi miwili baadaye wakampa Tamimu. Akalitengeneza kwa siku moja. Siku moja. Nililiona linapita na king'ora, nikakaa chini."

Ofisa mmoja aliyekuwapo wakati huo, ambaye hakutaka jina lake litajwe, anasema utaratibu wa manunuzi ulipaswa kufuatwa. Mwantum hakuwa na habari ya utaratibu. Alikuwa na kiharusi.

*

Tamimu alifungua boneti la Haiderali Jumatatu, akaikuta hita imefungwa kwa bomba. Akalikata, akarudisha mipira miwili mahali pake, akawasha. Upepo ukatoka wa uvuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Akahukumu kuwa rejeta ndogo ya hita, ile iliyojificha ndani ya dashibodi, imeziba kwa kutu. Dashibodi nzima ing'olewe, rejeta iagizwe Dar es Salaam. Jumla laki nne na themanini, na gari lilale wiki.

Haiderali hakuwa na wiki. Jumanne asubuhi akaliingiza gari kwenye banda la makuti.

"Kondo, bwana, nimekuja," alisema.

"Naona. Umepitia mjini kwanza."

"Usianze. Mke wangu atapanda gari hili Jumamosi. Utaweza au huwezi?"

"Washa."

Kondo aliliacha lingurume nusu saa. Muuza kahawa akasogeza birika na vikombe vyake karibu, na wazee watatu wakamfuata, kwa sababu injini iliyofunguliwa Kibiti haikosi watazamaji. Kisha Kondo akainama, akashika kwa viganja viwili mipira miwili inayoingia na kutoka kwenye hita. Akaishika kama daktari anavyompima mtoto homa.

"Njoo ushike na wewe," akamwambia Haiderali. "Huu unaingia. Ukoje?"

"Wa moto kidogo."

"Huu unatoka."

Haiderali akashika. "Vilevile."

"Ingekuwa rejeta ndogo imeziba, mmoja ungekuwa moto na mwenzake baridi. Maji yanapita vizuri. Tatizo lake ni kwamba yenyewe hayajapata moto. Tazama na mshale wako, nusu saa gari linawaka na haujafika hata robo. Unataka kuoga maji ya moto na hujainjika sufuria."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Laki nne na themanini za kuinjika sufuria."

Hicho kicheko, Kondo anakiri sasa, kilimwingia kama tende. Akafungua boliti mbili za kikombe kinachobeba thamostati, akakiinua, akamulika kwa tochi ya simu. Ndani hamkuwa na kitu.

"Kiko wapi?" aliuliza Haiderali.

Kondo alijua jibu la kweli lilivyo kwa magari ya pwani. Huenda kilitolewa zamani, na fundi yeyote, hata yeye mwenyewe. Lakini nyuma ya bega la Haiderali, njiani, hotpoti ya zambarau ilikuwa inapita.

"Gari lilikuwa wapi jana?" akauliza.

"Kwa Tamimu."

"Basi muulize Tamimu. Thamostati ya Hailaksi ya zamani ina soko. Mtu anayechomoa cha kwako, halafu akakuandikia laki nne na themanini, mimi simwiti fundi."

"Unasema kaiba?"

"Mimi sijasema kaiba. Nimesema muulize."

Muzdalifa alisimama. Alikuwa amesikia. Akaendelea na njia yake, ila siku hiyo hakusalimia.

*

Neno halina breki. Kufikia alasiri stendi nzima ilijua kuwa Injinia anachomoa vifaa. Jumatano mwenye basi dogo la Ikwiriri akaja kuchukua gari lake kwa Tamimu likiwa halijamalizika. Alhamisi Haiderali, mtu mpole, alisimama kwenye ile sakafu ya saruji akadai kilicho chake. Tamimu akaapa kwa Mungu kuwa hakugusa kikombe kile. Aliyekuwa akimwita Injinia akaanza kumwita Chomoa.

Kondo anasema siku hizo mbili alikula muhogo wake amekaa.

Thamostati mpya ingetoka Dar es Salaam kwa basi la usiku, elfu thelathini na tano. Alhamisi jioni akakumbuka kuwa waya wa marehemu unaweza kuwa na ya Hailaksi, ya kuazima. Akapanda juu ya kibao cha mbuzi, akautoa. Ulikuwa mweusi kwa masizi. Warda akaketi naye kuufuta, kibati baada ya kibati, akisoma namba kwa sauti, na baba yake akipima ukubwa.

"T 192 ABN."

"Hiyo ya Landrova. Ndogo."

"T 640 AJC."

"Weka pembeni."

"T 417 AKD." Warda akageuza bati upande wa pili. Mama yake aliandika pale mambo mengine, kwa herufi ndogo: bwana shamba, Umwe, nyeupe, 2013. "Baba. Gari la Mzee Haiderali ni namba ngapi?"

Kondo alikuwa akiijua. Aliiona kila siku kwa miaka minane juu ya bati la mbele la gari la buluu, na hakuwahi kuiunganisha na gari jeupe alilolifunga hita asubuhi moja ya 2013, akalipwa kwa gunia la mpunga.

"Funika," akasema.

"Nifunike nini?"

"Nitakirudisha. Kitafanya kazi. Yeye anataka joto, joto atapata. Mengine yatapita."

Warda aliuweka waya mapajani. Majirani wanamjua kwa upole, ila alilosema hapo baba yake amelirudia neno kwa neno.

"Mama aliandika ili mtu arudishiwe chake. Hakuandika ili wewe upate pa kufichia."

"Wewe hujui yule mtu alichonifanyia."

"Tamimu? Alikufanyia nini, Baba? Alipewa kazi. Waliokunyima hukuwahi kuwaita wezi mbele ya kahawa, kwa sababu wana ofisi."

Kondo hakulala vizuri. Na hiyo ndiyo sababu Ijumaa asubuhi anachemsha chuma, na binti yake haangalii sufuria.

*

Saa tatu thamostati iko mahali pake, ile kokwa ndogo ya kutolea hewa ikitazama juu, gasketi mpya ameikata kwa mkasi wa Warda kwenye karatasi ngumu. Kondo anamimina maji polepole, anabinya mpira wa juu kama anakamua mbuzi mpaka hewa iishe. Haiderali anapanda upande wa kulia, Kondo kushoto, wanashika barabara ya Bungu vioo vimefungwa na hita imewashwa hadi mwisho.

Ni Julai, lakini ni Julai ya Kibiti. Baada ya kilomita kumi mshale umesimama katikati kama askari, na upepo unaotoka dashibodi unaunguza nywele za mikononi. Jasho linamtiririka Haiderali mpaka kwenye ndevu. Anacheka peke yake.

"Kondo, hii hita au tanuri la mikate? Zera atataka kulala humu humu."

"Zima, tusife."

"Sizimi. Mwaka mzima nimeitafuta." Anapangusa macho. "Na yule mwizi nikirudi kutoka Njombe nampeleka mbele. Laki nne na themanini. Na malori yangu yote ni yako, mpaka nife."

Hapo kilikuwepo kila alichokitaka Kondo kwa miaka saba. Malori, sifa, na Tamimu chini. Kilihitaji anyamaze tu mpaka Bungu.

"Simamisha," anasema.

Haiderali anadhani ni joto. Anaegesha kando, chini ya mikorosho. Kondo anatoa kile kibati mfukoni, anampa.

Mzee wa duka anakisoma mbele, anakisoma nyuma. Injini inanguruma. Hakuna anayefungua kioo.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Niliitoa 2013, na hita nikaifunga mimi. Ukungu wa mwaka jana ni wa kwangu. Tamimu hakuchukua kitu."

"Mke wangu alilala hospitali siku nne."

"Najua."

"Na jana nimemtukana mtu mbele ya mafundi wake. Mimi. Kwa maneno yako."

"Najua, Bwana Haiderali."

Haiderali anazima hita. Anageuza gari kurudi, na mabati ya Kibiti yanapoonekana ndipo anapofungua mdomo. "Utashukia kwake," anasema. "Si kwako. Swala ya Ijumaa ikiisha, utashukia kwake."

*

Watu walikuwa wametoka msikitini, na gereji ya Tamimu ilikuwa na kofia nyingi kuliko siku zote. Kondo aliteremka na waya mzima begani, aliokuwa ameupitia nyumbani kabla ya swala, ukigongana kama njuga. Waliokuwapo wanasema walidhani amekuja kuuza chakavu.

"Shikamoo, Mzee Kondo," alisema Tamimu, bila kusimama. Alikuwa ameketi juu ya tairi, hotpoti wazi mbele yake, Muzdalifa pembeni na jagi la maji.

"Marahaba." Kondo akautua waya sakafuni. "Nimesema uongo juu yako mbele ya watu, nimekuja kuurudisha mbele ya watu. Thamostati ya Haiderali niliitoa mimi, ilikuwa kwangu, hii hapa namba yake. Tamimu si mwizi. Aliyezoea kumwita Chomoa, chomoa ni mimi, na ushahidi ninao arobaini na tatu."

Mtu alicheka, akaona amecheka peke yake.

"Kwa nini, Mzee?" aliuliza Tamimu. "Mimi nilikukosea wapi?"

Kondo alitaka kusema habari ya pampu na gari juu ya mawe. Akaisema. Aliisema vibaya, kwa hasira, mbele ya kadamnasi, na akaishia kwenye ile kazi ya siku moja.

"Mimi niliomba kazi ya lile gari tangu mwezi wa pili," akasema Tamimu. "Cheti ninacho, mhuri ninao. Wakaniambia subiri saini, mwenye kusaini yuko semina. Nilisubiri miezi sita, Mzee. Lilikuwa linanikera kila nikipita."

Kondo anasema hakuwahi kulisikia hilo. Miaka yote alimchukia mtu aliyekuwa akisubiri mlango uleule. Wenye mlango walikuwa ndani.

Muzdalifa hakuwa mwepesi kama mumewe. Alichota wali akaweka kwenye kifuniko cha hotpoti, akamsogezea mgeni kwa mkono wa kulia, macho akiyapeleka kwingine.

"Baba, ungekuwa na njaa ungesema," alimwambia. "Siyo mpaka umpake mume wangu matope."

Kondo alikula. Kwa hesabu yake ni mara ya kwanza kula wali wa mwanamke mchana tangu 2017, ukiacha hitima. Anasema ulikuwa na chumvi kidogo. Kisha anasahihisha. "Hapana. Ulikuwa sawa. Nilitafuta kasoro, nikakosa."

*

Jumapili saa mbili asubuhi Haiderali alimpigia Kondo simu kutoka Njombe. Alikuwa bado amekasirika, na alisema hivyo kabla ya salamu. Halafu akasema kuwa walipita Mafinga alfajiri kwenye ukungu ambao mtu haoni taa zake mwenyewe, kioo kikakauka kwa dakika moja, na Bi Zera alilala njia nzima, hakukohoa hata mara moja. Kuhusu malori, akirudi ataona. Moja huenda likaenda kwa Tamimu.

"Ana haki," anasema Kondo. "Na roho inaniuma. Nikudanganye? Inaniuma. Jana mchana hotpoti ilipita tena, na bado nimeinusa."

Safari hii Muzdalifa alisalimia.

Waya umerudi juu ya mlango wa jiko, umefutwa masizi, una arobaini na mbili. Warda ameandika namba zote kwenye daftari, na Tamimu, mwenye kitabu cha wateja, ametambua kumi na saba ambazo magari yake yangali barabarani. Mengine yameoza, au yamevuka kwenda Mafia, au wenyewe wamekufa. Kondo anapanga kuzirudisha zilizo nzima moja baada ya nyingine, bila malipo ya ufundi, baada ya kila moja kupita kwenye sufuria. Anasema injini isiyo na thamostati inakula dizeli bure, na hilo alilijua zamani ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Jumatatu anaanza na pikapu ya mwenye mashine ya kukoboa, T 640 AJC, umbali wa hatua ishirini kutoka bandani kwake.

Ameushika waya, anauzungusha vidoleni kibati kwa kibati, kama mtu anayevuta tasbihi.

"Nataka ubaki mtupu kabla sijafa," anasema. "Nitakapokutana na Mwantum, ataniuliza tu, namjua. Ataniuliza, 'Kondo, vya watu viko wapi?' Nataka nimwambie, nimewapa."